Behewa Lililorudi na Uzito Wake

Zamani, ila si zamani sana, maana wanyama walikwisha kuwa na meya na walikwisha anza kumlalamikia, Jiji la Manyoya lilipatwa na ukame. Mvua za vuli hazikuja kabisa. Za masika zilichungulia kutoka upande wa milimani, zikaona vumbi, zikageuza. Visima vilikauka mpaka vyura wakahama bila kuaga. Maji yaliyobaki yalikuwa ya Mto Kambare, ng'ambo ya mbuga, na mbuga yenyewe ilikuwa pana kiasi kwamba mwenye miguu mifupi akienda kunywa, alirudi nyumbani na kiu kubwa kuliko ile aliyoondoka nayo.

Huo ndio uliokuwa msiba wa Sungura. Alikuwa na watoto wengi, kama ilivyo desturi ya kwao, na wote walikuwa na miguu mifupi. Kila asubuhi walilamba umande kwenye majani, mpaka majani yakaisha na umande nao ukaacha kuja. Mkewe, Bi Mashavu, alimtazama siku moja akamwambia, "Baba watoto, akili yako jiji zima linaisifia. Hebu itie kwenye sufuria tuone kama itatoa maji."

Sungura hakuwa na jibu. Kwa Sungura kukosa jibu ni ugonjwa, na alilala siku nzima.

Aliamshwa na ngurumo. Siyo ya mvua, la. Ilikuwa ni Simba, meya wa jiji, akitangaza kutoka juu ya mwamba wake.

"Wananchi! Nimeota ndoto. Nimeona treni nyepesi ya umeme ikitoka hapa mpaka Mto Kambare. Ndani yake kulikuwa na abiria wengi, na mzuri kupita wote nilikuwa mimi. Kwa hiyo tutaijenga."

Wakaijenga. Ndovu walitandika reli, nyani wakafunga nyaya, na nyani wawili wakajua kwa nini waya wa umeme haulambwi. Mambo ya kubishaniwa hayakukosekana. Simba alitaka kila kituo kiitwe Simba.

"Mheshimiwa," akauliza Sungura, "abiria atajuaje pa kushuka?"

"Atashuka Simba."

"Na asiposhuka hapo?"

"Atashuka kituo kinachofuata. Nacho ni Simba."

Udereva nao ulileta maneno. Duma aliomba kazi hiyo, akajaribiwa, akapitiliza vituo vyote, kisha akarudi kuuliza vilikuwa wapi. Kazi akapewa Mzee Kobe, aliyeapa kwa gamba lake kwamba hajawahi kupitiliza kitu chochote tangu azaliwe.

Kazi ya upagazi walipewa nyumbu. Nyumbu ni watu wema na wana nguvu, ila kwao mmoja akifanya, wote hufanya. Kiongozi wao, Mzee Kwato, akipiga chafya, ukoo mzima hupiga chafya, na mwenye mafua huwa ni yeye peke yake. Ukitaka nyumbu wote waketi, mketishe Mzee Kwato, kisha kaa mbali usije ukakaliwa.

Sungura aliomba ukondakta akaupata. Kazi yake ilikuwa kupuliza filimbi na kutunza ufunguo wa ghala la kituo. Hakuomba kwa kupenda filimbi. Aliomba kwa sababu Simba alikuwa ametangaza kwamba katika safari ya kwanza, watakaotangulia kupanda ni jamaa za wafanyakazi. Siku hiyo Bi Mashavu alimkandia mumewe mgongo kwa mara ya kwanza tangu visima vikauke, na watoto wakaanza kugombania vibuyu vya kuchotea.

Ikabaki siku ya uzinduzi, na kabla ya uzinduzi, jaribio. Tembo, fundi mkuu, alikuwa mgumu katika jambo hilo.

"Treni haipandwi na watu kabla haijapandwa na mzigo," alisema. "Tutalijaza behewa magunia mazito, treni iende mtoni na kurudi. Ikivunjika, bora yavunjike magunia kuliko mama mkwe wangu."

Kisha akachora mstari mwekundu kwenye ukuta wa kituo, pale behewa liliposimama. Behewa lilikaa juu ya springi. Tupu, sakafu yake ilikuwa juu sana ya mstari. Likijazwa sawasawa, sakafu ilishuka mpaka ikagusana na mstari huo.

"Likiondoka kwenye mstari, lirudi kwenye mstari," Tembo alieleza. "Likirudi juu ya mstari, kuna kitu kimedondoka njiani. Likirudi chini ya mstari, kuna mtu amedandia."

Walianza na magunia ya mchanga. Mchanga ukavuja, ukaingia kwenye magurudumu, na treni ikapiga ukelele hadi Simba akadhani anatukanwa. Kazi ikasimama. Tembo akajikuna sikio. Uzinduzi ulikuwa alasiri ya siku ileile, na hakuna aliyejua jaribio lifanywe kwa mzigo gani.

Hapo ndipo alipojitokeza Fisi.

Fisi alikuwa amevaa koti la mvua, kubwa, refu mpaka vifundoni. Wanyama walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Fisi, koti la mvua la nini na mvua yenyewe tumeisahau hata harufu?"

"Ni imani," alijibu Fisi. "Ikinyesha mtaniheshimu." Kisha akamgeukia Tembo. "Fundi, mchanga ni kosa tangu mwanzo. Abiria ana mifupa. Mchanga una mifupa? Kitu cha kumjaribia mwenye mifupa ni mwenye mifupa mwenzake. Pale ghalani kuna magunia ya samaki."

Ni kweli yalikuwepo. Sheria ya jiji ilikataza kumla jirani, kwa hiyo wala nyama walikula samaki, na viboko wa Mto Kambare walikuwa wameleta magunia tele ya samaki waliokaushwa kwa chumvi, kwa ajili ya karamu ya uzinduzi. Wala majani waliahidiwa kwamba wakifika mtoni watajichumia wenyewe kandokando ya maji.

Sungura alihisi kijibaridi masikioni, na masikio ya Sungura hayadanganyi.

"Nani atawalinda hao samaki ndani ya behewa?" akauliza.

"Mimi," alisema Fisi.

Kicheko kikaanza upya. Swala mmoja alicheka mpaka akaangukia kwenye reli.

"Chekeni," Fisi alisema kwa upole. "Lakini mlinzi bora ni yule aliyekinai."

"Umekinai lini, ndugu yangu?"

"Nimekinai kwa nia. Jana nilikaa nikaazimia. Na isitoshe, kuna mstari wa fundi. Nikila samaki mmoja, behewa litapanda juu ya mstari, nami nitaaibika mbele ya mheshimiwa. Au mstari wa fundi hauaminiki?"

Tembo, akiguswa kwenye mstari wake, huwa mkali. "Unaaminika sana!"

"Basi yamekwisha," alisema Simba, aliyekuwa akichoka haraka kila mazungumzo yalipomhusu mtu mwingine. "Pakieni."

Nyumbu wakabeba magunia. Mzee Kwato aliinua la kwanza akaguna, "Aaaah!" na nyuma yake ukoo mzima ukaguna, "Aaaah!" mpaka behewa likajaa. Fisi akaomba mzigo mkubwa wa majani makavu wa kukalia, maana mlinzi hawezi kuketi kwenye bati tupu kama mfungwa. Akapewa. Akapanda na koti lake. Sakafu ikashuka ikagusa mstari mwekundu, sawasawa kabisa. Sungura akapuliza filimbi, Mzee Kobe akaiondoa treni kwa heshima zote, na ikapotea mbugani.

Iliporudi, jiji zima lilikuwa kituoni. Treni ikaingia taratibu, ikasimama. Tembo akapiga magoti, akafumba jicho moja, akatazama ukutani.

"Kwenye mstari!" alipaza sauti. "Haijapungua hata punje!"

Vigelegele! Kanga walirusha manyoya, nyani wakarusha nyani wenzao. Simba hakuweza kuiachia nafasi kama hiyo. Alipanda jukwaani na kuanza hotuba, na kila shingo ikamgeukia. Nyuma ya migongo yao nyumbu walikuwa wakishusha magunia kuyapeleka ghalani. "Aaaah!" aliguna Mzee Kwato. "Aaaah!" ukaguna ukoo. Gunia la mwisho lilipoingia, Sungura akafunga mlango na ufunguo akaufunga shingoni.

Fisi alishuka mwisho. Alishuka polepole, hatua baada ya hatua, koti limefungwa vifungo vyote, kama bibi harusi anayeogopa kukanyaga vazi lake. Akaja mpaka kwa Sungura.

"Maji," alisema kwa sauti ya kukwaruza.

"Ndugu yangu, maji yangekuwepo tungejenga treni ya nini?"

Fisi akageuka, akaiona kengele ya kituo, iliyokuwa kivulini na ubaridi wake, akaenda akailamba. Sungura akatikisa kichwa. Aliona ni vumbi la safari.

Hotuba ya Simba ingali inapanda mlima, Mama Kanga, mkuu wa wapishi, alichukua ufunguo kwenda kutayarisha karamu. Haukupita muda, ukelele ukatoka ghalani.

"Majani! Jamani, majani! Gunia hili majani, na hili majani, na hili nalo majani!"

Simba alinyamaza katikati ya neno "mimi", jambo ambalo halijawahi kutokea.

Magunia yakamwagwa uwanjani. Majani makavu, yote. Hakukuwa na samaki, hakukuwa na hata gamba la samaki. Wala nyama wakaanza kulia, na wala majani wakaanza, samahani, kuonja.

"Nani?" Simba alinguruma. "Nani amekula karamu yangu?"

Jicho la jiji lilimwendea Fisi moja kwa moja. Fisi akapanua mikono ndani ya koti lake, polepole.

"Nilijua mtanitazama mimi. Jina baya ni mzigo. Lakini muulizeni fundi: behewa lilirudi juu ya mstari?"

"Lilirudi kwenye mstari," Tembo alisema, na hakuwa na raha.

"Basi samaki walirudi. Wakashushwa. Wakaingia ghalani. Na ghala lina ufunguo." Fisi akainamisha kichwa kwa huzuni. "Ufunguo ulikuwa shingoni mwa nani, mimi sisemi. Mimi sipendi kusema watu."

Macho yote yakahama. Sungura alihisi uzito wa macho hayo.

"Mimi nile samaki?" alisema. "Mimi? Tazameni meno yangu!"

"Ni mjanja," akasema mmoja kwenye umati. "Mjanja hali, huficha."

Hilo ndilo pato la ujanja: siku ukiwa mkweli, hakuna anayekuamini. Sungura alieleza, akaapa, akaruka juu na kutua palepale. Simba hakusikiliza. Samaki wake walikuwa wamepotea na hotuba yake ilikuwa imekatwa, na mtu mwenye maringo husamehe wizi kabla ya kusamehe kukatwa maneno.

"Nimekata shauri," alisema. "Sungura na ukoo wake wote hawatakanyaga treni hii. Leo wala milele."

Bi Mashavu alikuwa amesimama ukingoni na watoto wote, wamepangwa kwa kimo, kila mmoja na kibuyu chake mkononi. Aliwapokea vibuyu vyao mmoja mmoja na kuviweka chini. Sungura aliona, na moyo wake ukauma kuliko siku zote za kiu. Aliwahi kufukuzwa na simba, chui na mbwa mwitu kwa zamu, na hakuwahi kuogopa kama alivyoogopa sasa.

"Mheshimiwa," alisema, "nipe mpaka ngoma ya uzinduzi. Nisipompata mwizi, nitakwenda mwenyewe kwa miguu na wanangu."

"Mpaka ngoma," alisema Simba, akaenda kuchana manyoya yake.

Sungura alikimbilia kwa nyumbu, waliokuwa wamepumzika nyuma ya kituo.

"Mzee Kwato, shikamoo."

"Marahaba," alijibu Mzee Kwato. "Marahaba," wakajibu wote.

"Baba, mliposhusha magunia, yalikuwa mazito?"

"Mazito sana. Hukusikia tulivyoguna?"

"Nilisikia. Nauliza, la kwako lilikuwa zito?"

Mzee Kwato alifikiri, na ilikuwa kazi kubwa kumtazama. "La kwangu? Kwa kweli, mwanangu, la kwangu lilikuwa kama unyoya. Niliguna kwa mazoea. Mtu mzima hainui gunia bila kuguna, ni utovu wa adabu."

Sungura akamgeukia wa pili. "Na la kwako?"

"Jepesi. Ila niliona mzee ameguna."

"Na wewe?"

"Mimi niliona huyu ameguna."

Akaulizwa wa nne, na wa nyuma yake, na wa nyuma ya huyo. Hakuna aliyebeba kitu. Kila mmoja alidhani amebahatika gunia jepesi, na akamwonea huruma mwenzake.

Basi samaki hawakuibiwa ghalani. Walipotea ndani ya treni. Sungura akaenda mbio mpaka kwa Mzee Kobe, aliyekuwa bado anashuka kwenye kiti chake cha udereva tangu treni ifike.

"Babu, njiani hukusikia kitu?"

"Nilisikia," alisema Kobe. "Kracha, kracha, kracha, mpaka mtoni. Na kurudi, kracha, kracha. Nikasema, kumbe ndivyo reli mpya zinavyolia."

"Hukugeuka kutazama?"

"Mjukuu wangu, nikigeuza shingo, mpaka niirudishe mbele tutakuwa tumeingia mtoni."

Sungura akakaa kitako. Kama samaki waliliwa njiani, behewa lingerudi jepesi. Lakini lilirudi kwenye mstari, bila kupungua hata punje. Kitu kilichopungua kwenye magunia hakikutoka kwenye behewa. Kilihama tu. Akakumbuka koti la mvua. Akakumbuka mwendo wa bibi harusi. Akakumbuka kengele ya kituo ikilambwa na mtu mwenye chumvi kooni, na akacheka peke yake mpaka Kobe akafika chini akamuuliza ana nini.

Lakini kujua si kushinda. Kusema "Fisi amekula" mbele ya Simba kusingemsaidia, maana Simba amekwisha kata shauri, na shauri la mwenye maringo halirudi nyuma bila kubebwa. Kumwambia Fisi avue koti nako ni kazi bure: angelia, angekimbia, angedai ana baridi. Fisi hasogezwi na aibu. Fisi husogezwa na chakula.

Ngoma ya uzinduzi ikalia. Utepe ulikuwa umefungwa mbele ya behewa, na Simba alikuwa tayari ameufungulia mdomo, kwa kuwa alisema mkasi ni wa washonaji. Sungura akapiga magoti mbele yake.

"Mheshimiwa, mwizi sijampata kwa mkono. Nimekuja kuaga. Lakini kabla sijaondoka, naomba kumsemea ndugu yangu Fisi."

Umati ukashangaa. Fisi mwenyewe akashangaa zaidi.

"Mtu huyu," Sungura aliendelea kwa sauti ya kilio, "alikaa na samaki safari nzima akiwatazama tu. Njaa ilimkata, hakula. Kisha amerudi, samaki wamepotea, na jina lake likataka kuchafuka. Majonzi hayo, mheshimiwa, yanakondesha. Mtazameni usoni alivyokwisha! Meya mkarimu kuliko mameya wote hamwachi mlinzi wake hivihivi. Kule mtoni viboko wametuvulia samaki wabichi. Apewe fidia, mheshimiwa. Apewe kwa kadiri alivyokonda."

Neno "mkarimu" lilimwingia Simba vizuri. Neno "samaki wabichi" lilimwingia Fisi vizuri zaidi.

"Ni kweli!" Fisi alipiga ukelele. "Nimekonda! Nimebaki mifupa! Mke wangu hajanitambua!"

"Tutajuaje amekonda kiasi gani?" aliuliza Tembo.

"Fundi, si una mstari wako?" alisema Sungura. "Behewa liko tupu. Fisi aingie peke yake. Tutaona sakafu imebaki juu ya mstari kwa kiasi gani, na nafasi hiyo yote, kutoka sakafuni hadi kwenye mstari, ijazwe samaki wabichi, wote wawe wake. Alivyo mwepesi, nafasi itakuwa kubwa."

Tembo alilitafakari jambo hilo, akaona lina kasoro mahali fulani, lakini limeusifu mstari wake, akanyamaza. Fisi yeye hakutafakari. Akili yake ilikuwa imekwisha fika mtoni na kuanza kula. Alipita katikati ya watu akijidai anayumba kwa udhaifu, akainama chini ya utepe, akapanda behewani.

Behewa likasema, "Kwiii."

Likashuka. Likashuka tena. Likashuka taratibu kama mtu mzima anayeketi kwenye mkeka, mpaka sakafu ikagusana na mstari mwekundu, sawasawa kabisa.

"Aaaah!" aliguna Mzee Kwato.

"Aaaah!" ukaguna ukoo mzima.

Tembo alipiga magoti, akafumba jicho moja, kisha akafumba la pili, kisha akayafungua yote.

"Huu," alisema, "ndio uzito wa Fisi pamoja na magunia yote ya samaki."

"Ni koti!" alisema Fisi. "Koti la mvua lina uzito wake, jamani!"

Nyani wawili wakamrukia, wakamvua koti, wakashuka nalo. Behewa halikupanda hata unywele. Ila kilichokuwa ndani ya koti kilionekana: tumbo la duara, limetuna mpaka manyoya yamesimama mbalimbali, na kwenye kona ya mdomo mkia mdogo wa samaki uliokosa nafasi ya kuingia.

Watu hawakujua wakasirike au wacheke, wakacheka kwanza. Swala yule aliyeangukia kwenye reli aliangukia tena.

"Sikuiba!" Fisi alijitetea. "Niliambiwa niwalinde. Nimewalinda! Nani kati yenu ana mahali salama kuliko hapa?" akajipiga tumboni, akajuta, maana liliuma.

"Na majani kwenye magunia?" Simba aliuliza.

"Nilikuwa nalinda na magunia, yasisinyae."

Simba alijinyoosha, akakung'uta manyoya ya shingo. "Mimi nilijua tangu mwanzo," alisema, na hakuna aliyebisha, kwa sababu treni ilikuwa inasubiri. "Sungura na ukoo wake watatangulia kupanda. Na wewe Fisi, umejaza behewa zima peke yako, na jiji lina abiria wengine. Shuka. Mzigo ulioupakia utaubeba mwenyewe hadi mtoni, kwa miguu, ukifuata reli."

"Kwa miguu? Na chumvi yote hii?"

"Una koti la mvua," alisema Bi Mashavu, akipita na watoto wake. "Ikinyesha tutakuheshimu."

Wakapanda. Kila mtoto na kibuyu chake, kwa kimo, mdogo kabisa akabebwa kwa sababu ngazi ilimshinda. Simba akakata utepe kwa meno, akaumeza kwa bahati mbaya, akajifanya ndivyo ilivyopangwa. Sungura akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote. Mbuga ile iliyowashinda wenye miguu mifupi ikapita dirishani yenyewe, nao wameketi, na Bi Mashavu akamfinya mumewe mkono akamwambia, "Kumbe inatoa maji," na Sungura, aliyezoea kujibu kila mtu, hakuona haja ya kujibu.

Mtoni watoto walikunywa mpaka masikio yakasimama. Wala majani walichuma mabichi. Viboko walikuwa wamewasha moto, na samaki wabichi walichomwa wakaliwa mpaka mchuzi ukarambwa kwenye majani ya migomba. Karamu ilikuwa imekwisha, vyungu vinasuguliwa kwa mchanga, na Mzee Kobe ameanza kugeuza shingo kwa ajili ya safari ya kurudi, Fisi alipotokea kwenye reli, ulimi umefika magotini, koti begani. Alipita moto bila kuuona. Akajitupa majini, akanywa, akanywa tena, na samaki wakavu tumboni nao wakanywa wakavimba, hata alipoinuliwa pua na harufu ya mwisho ya samaki wa kuchoma na Mama Kanga akamwonyesha mmoja aliyesalia, mnono, anayetoa mafuta, Fisi akafungua mdomo, samaki akakataa kuingia. Akalia machozi ya kweli. Mtoto mdogo wa Sungura akamwonea huruma, akamfunika kwa lile koti la mvua.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu.